Weka Zile za Wazee

Ukiketi kwenye baa Nairobi, swali la kwanza si jina lako. Ni "Baridi ama moto?" Wazee wa meza ya kona, kwenye baa niliyofanyia kazi mwaka wa 2022, walikuwa wameshapita hatua ya kuulizwa. Mhudumu alikuwa anaona kofia ya kwanza ikitokea kwenye ngazi, anatoa Tusker moto tano, anaziweka mezani, anafungua mbili na kuacha tatu zingoje wenyewe. Meza yao ilikuwa chini ya spika ya kona. Walikuwa wanafika saa kumi na moja jioni na kuondoka saa tatu, saa tatu na nusu hivi.

Mimi ndiye niliyewaondoa. Sikuwatukana, sikuwaitia bouncer, sikuwaambia hata neno. Niliwabadilishia nyimbo tu.

Baa yenyewe iko Eastlands, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la hardware, hatua chache kutoka steji ya matatu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, naandikia watu makala za mtandao kwa malipo ya kila neno, na maneno yalikuwa yamepungua. Rafiki yangu deejay aliyekuwa anapiga hapo Ijumaa na Jumamosi aliniambia mdosi anatafuta mtu wa siku zingine. Si deejay. Deejay ana jina kwenye bango, na watu wanamwona. Huyu alikuwa anatafutwa mtu wa kupanga nyimbo za nyuma, zile zinazocheza watu wakila, wakibishana kuhusu mpira, wakingojea mvua iishe. Shilingi elfu mbili kwa wiki na chakula cha jioni. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Kabla yangu, kazi hiyo ilikuwa inafanywa na flashi. Kuna mtu, hakuna aliyemkumbuka, alikuwa ameacha flashi yenye nyimbo mia moja na kitu, karibu zote rumba na zilizopendwa: Franco na TPOK Jazz, Mbilia Bel, Super Mazembe, Les Wanyika, Mangelepa. Ilikuwa imechomekwa kwenye amplifaya miaka mingi hadi plastiki yake ikabadilika rangi. Siku ikigoma, mhudumu alikuwa anaweka YouTube kwa simu yake, na katikati ya gitaa tamu mwanamke anatokea kuwatangazia wazee mkopo wa haraka. Wazee walikuwa wanacheka. Mmoja alikuwa anamjibu.

Siku yangu ya kwanza mdosi aliniita kaunta, nyuma ya ule wavu wa chuma, akanionyesha meza ya kona kwa kidevu.

"Unaona hao? Masaa manne, chupa mbili kila mtu. Hiyo meza nimewakodishia bure."

Alichokuwa anataka ni vijana wa zile flati mpya upande wa pili wa barabara. Wale wananunua mzinga, wanaagiza nyama kilo moja, wanapiga picha. Alikuwa amepaka ukuta mmoja rangi nyeusi na kuandikisha maneno ya taa ya waridi. Sasa ilikuwa imebaki sauti.

"Siwezi kuwafukuza, ni wateja. Wengine nimewajua kabla nioe. Lakini wewe unaweza kufanya wajisikie kama wamechoka."

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Halafu nikaenda nyumbani kusoma, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu mbaya: nikipewa kazi, hata ya kuosha vyombo, natafuta kwanza kama kuna mtu aliyeifanyia utafiti.

Na yuko. Mwaka wa 1986 Mmarekani mmoja, Ronald Milliman, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya kwenye mkahawa mmoja huko kwao. Usiku mwingine muziki wa polepole, chini ya mapigo 72 kwa dakika. Usiku mwingine wa kasi, zaidi ya mapigo 92. Wateja hawakuambiwa chochote. Wa muziki wa polepole walikaa mezani kwa wastani wa dakika 56, wa muziki wa kasi dakika 45. Chakula walinunua karibu sawa. Tofauti ilikuwa kwenye vinywaji: meza za polepole zilitumia kwa wastani dola 30.47 kwenye baa, za kasi dola 21.62. Kwa maneno mengine, muziki unaweza kumwinua mtu kwenye kiti bila yeye kujua ameinuliwa.

Mdosi nilimsomea nusu ya pili ya hayo matokeo, ile ya watu kuondoka. Nusu ya kwanza, kwamba wanaokaa ndio wanaokunywa, sikuisoma kwa sauti. Nilihitaji kazi.

Wacha niseme vile nilifanya, kwa sababu watu wanadhani ni kubonyeza tu. Ukibadilisha kila kitu siku moja, wateja watalalamika, na malalamiko yana mahali pa kwenda. Ukibadilisha kidogo kidogo, hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wiki ya kwanza niliacha rumba lakini nikaongeza sauti kidogo ikifika saa kumi na mbili, na kidogo tena saa moja. Wiki ya pili nikaanza kuchanganya: rumba mbili, kisha kitu cha Sauti Sol, kitu cha Bongo, mambo ambayo hayamchukizi mtu. Wiki ya tatu nikageuza hesabu, rumba moja kwa nyimbo tano, na hizo tano zikawa gengetone na amapiano. Amapiano iko kwenye mapigo kama 112 kwa dakika. Huwezi kuongelea mazishi ya ndugu yako juu ya besi hiyo.

Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo sipendi kulikumbuka. Nilipanda kwenye stuli nikageuza ile spika ya kona. Ilikuwa imeelekea katikati ya ukumbi, kwa hivyo waliokaa chini yake walikuwa wanapata gitaa bila kupigwa nalo. Nikaielekeza chini. Sasa mlio wote mkali ulikuwa unashuka moja kwa moja kwenye meza yao, urefu wa masikio.

Kwanza walipaza sauti. Kisha wakaacha kupaza sauti wakawa wanainamiana, vichwa vinakaribia kugusana, kama watu wanaosoma barua moja. Kisha wakaanza kunyamaza. Jioni moja mwenye kofia ya kahawia, ambaye mhudumu alikuwa anamwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amestaafu ualimu, akaja hadi kaunta.

"Kijana," akaniambia, "hii mashine imeharibika, ama ni mimi nimeharibika?"

"Ni mdosi, mzee," nikamjibu. "Ameniambia niweke za kisasa."

"Aah. Sawa."

Akalipa. Aliacha chupa ikiwa na zaidi ya nusu. Wiki iliyofuata walikuwa watatu. Kufikia katikati ya Mei meza ilikuwa tupu, na mdosi akaleta viti virefu vya chuma akaviweka hapo.

Disemba ya mwaka uliotangulia, UNESCO ilikuwa imeiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Niliona habari hiyo kwa simu, nikaipa alama ya moyo, nikaendelea na maisha. Miezi michache baadaye nikaifukuza rumba hiyo hiyo kwenye ghorofa moja Eastlands kwa elfu mbili kwa wiki.

Nisidanganye, ilifaulu. Ijumaa ya mwisho wa Mei watu walisimama hadi kwenye ngazi. Nilikuwa naandaa ukumbi kuanzia saa kumi na moja, napandisha kidogo kidogo, na deejay akifika saa tatu anakuta watu wameshaiva. Kuna msichana alicheza na viatu mkononi kuanzia mwanzo wa seti hadi taa zilipowashwa. Kuna kikundi cha vijana wa wodi ya usiku, manesi, waliofika kabla ya zamu, wakanywa soda tu na kuimba kila neno la wimbo uliotoka wiki hiyo. Mimi ni wa umri huo. Hizo nyimbo ni zangu, zinasema maisha yangu, na wazazi wetu walizifungia milango kwa miaka. Sikuona ubaya wa kuwa na ghorofa moja ambapo hatuambiwi tupunguze sauti.

Shida ilikuwa Jumatatu. Vijana hawana pesa ya Jumatatu. Hawana ya Jumanne pia. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi nilikuwa napigia viti vya chuma amapiano. Mhudumu alikuwa anakaa kwenye stuli, anakunja leso za karatasi, anazikunjua, anazikunja tena.

Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu ambayo Milliman hakuiandika. Wazee watano walikuwa wanamwachia kila mmoja shilingi hamsini, kila siku, siku tano au sita kwa wiki. Ilikuwa nauli yake na maziwa ya mtoto. Vijana walikuwa wanagawana bili kwa M-Pesa hadi shilingi ya mwisho, halafu wanamwambia "asante sana siz."

"Na kitu ingine," akaniambia. "Huu wimbo wako wa saba. Nikiusikia kwa matatu tumbo inanikata."

Nilikuwa sijawahi kufikiria hilo. Mteja anasikia orodha yangu masaa mawili. Yeye alikuwa anaisikia masaa kumi, siku sita, kwa sauti ambayo ilimfanya akifika nyumbani aongee na mtoto kama anapigia kelele mtu ng'ambo ya mto. Yeye alikuwa msikilizaji wangu mkubwa na hakuna aliyewahi kumuuliza anapenda nini. Nilimuuliza siku hiyo. Akafikiria sana. "Kimya," akasema. "Ama rumba. Rumba naweza kufanya kazi ndani yake."

Halafu ikafika Julai.

Tulikuwa tunaenda uchaguzi tarehe 9 Agosti. Wanaoishi hapa wanajua vile mji unavyobadilika wiki hizo: watu wanaanza kuulizana majina ya pili. Vijana walikuwa wananiletea maombi ya nyimbo yameandikwa kwenye leso, na polepole maombi yakaanza kugeuka. Meza hii inataka mugithi. Ile inataka ohangla. Wale wa dirishani wanataka benga ya Kikamba. Siku za kawaida hiyo ni raha ya Nairobi, unazungusha, kila mtu anapata zamu yake ya kusimama. Lakini mwaka wa uchaguzi, ukipiga nyimbo tatu mfululizo za lugha ya mtu, meza nyingine zinaanza kuhesabu. Niliona kwa macho yangu. Wimbo wa kwanza wanacheka. Wa pili wanaangalia simu. Wa tatu mtu anaita bili.

Jumamosi moja kijana alipanda juu ya kiti cha chuma, pale pale kona ya wazee, akabadilisha maneno ya wimbo akaingiza jina la mgombea wake. Meza ya pili ikajibu na jina lao. Chupa moja ikaanguka, au ikaangushwa. Hakuna aliyeumia. Bouncer alisimama katikati na mikono yake miwili mikubwa, na kwa sekunde kama kumi ukumbi mzima ulikuwa unangoja kujua sisi ni watu wa aina gani.

Mdosi alitokea nyuma ya wavu akinipungia mkono kama mtu anayezima moto.

"Weka zile za wazee! Weka zile za wazee!"

Nikachomeka ile flashi. Ilikuwa bado kwenye droo. Wimbo uliotokea ulikuwa wa Franco, "Mario," wa mwaka wa 1985, ambao unaenda zaidi ya dakika kumi. Ule mwanzo wake hauna haraka na mtu yeyote. Watu wakasimama tu pale wakisikiliza, nusu kwa mshangao. Kijana akashuka kwenye kiti. Mtu akacheka. Mtu mwingine akasema babake anaupenda huu. Kabla gitaa halijaanza kukimbia, watu walikuwa wameketi.

Nimewaza sana kuhusu dakika zile. Nadhani ilisaidia kwamba Kilingala si lugha ya mama ya mtu yeyote kwenye ukumbi ule. Hakuna meza iliyoshinda. Hata zile za Kiswahili kwenye flashi ziko hivyo hivyo: ndugu wa Simba Wanyika walitoka Tanga wakaja kutafuta maisha Nairobi, Les Wanyika wakatoka ndani yao mwaka wa 1978, na huwezi kuzichukua nyimbo zao ukaziweka chini ya mgombea.

Mhudumu aliniambia kitu nilichopaswa kujua tangu siku ya kwanza. Wale wazee watano: Mwalimu alikuwa wa Murang'a. Wawili walitoka Siaya. Mmoja Machakos, mmoja Kakamega. Walikuwa wamekaa meza ile kabla na baada ya uchaguzi wa 2007, na wa 2013, na wa 2017. Mabishano yao makubwa yalikuwa kuhusu Mario, yule kijana wa kwenye wimbo anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri: kama kosa ni lake au la mama. Hakuna hata mmoja aliyejua Kilingala, kwa hivyo kila mmoja alikuwa na tafsiri yake, na hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake.

Hiyo ndiyo meza niliyoigeuzia spika.

Kuna kisa nakipenda cha Ryuichi Sakamoto, mtunzi wa Kijapani. Alikuwa na mkahawa anaoupenda New York, unaitwa Kajitsu. Chakula kizuri, muziki mbaya. Hakuweza kuvumilia, akamwandikia mpishi akajitolea kumpangia nyimbo bure, na mpishi akakubali. Habari hiyo ilitoka magazetini mwaka wa 2018 na watu wa kazi yangu wanaisimulia kama ngano. Lakini sasa nikiisikia namwona Mwalimu. Sakamoto alipochukizwa na muziki, aliandika barua, na kwa sababu ni Sakamoto, barua ilisomwa. Mwalimu alikuja kaunta akauliza kama ni yeye aliyeharibika. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake. Niliisoma nikamwambia ni mdosi.

Baada ya uchaguzi mdosi alikubali rumba irudi Jumatatu hadi Alhamisi. Niligeuza spika ikaangalia katikati ya ukumbi kama zamani. Viti virefu vikatolewa. Wazee hawakurudi.

Septemba nikaenda kuwatafuta. Mhudumu alikuwa ameniambia wanakaa nyuma ya soko, kwenye kibanda cha keg, mabati na benchi. Nilimkuta Mwalimu na wawili wengine. Redio ndogo ilikuwa juu ya friji, imewekwa kituo ambacho hakishiki vizuri, mtu anasoma habari za bei ya unga. Hakuna aliyechagua kitu pale. Nilisalimia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe si ni yule wa mashine?"

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia rumba imerudi, spika nimeigeuza, meza iko. Maneno yalinitoka mengi kuliko nilivyopanga. Alinisikiliza hadi mwisho, kama mwalimu anayengoja mwanafunzi amalize kusoma jibu ambalo si sahihi.

"Mlipotutoa hamkutuambia," akasema. "Sasa kuturudisha ndio mnatuma mtu?"

Hakusema kwa hasira. Akasogea kwenye benchi, nafasi ikatokea, nikaketi. Akaniagizia kikombe. Niliuliza yule wa Kakamega yuko wapi, wakaangaliana, na mmoja akasema alienda nyumbani mwezi wa Juni, akaugua, hakurudi. Meza ilipovunjika, akasema, walipoteana kama wiki tatu hivi, kila mtu anakunywa kwake. Habari iliwafikia wakiwa wameshachelewa kwa mazishi.

Sijui nilisema nini. Nakumbuka redio ilikuwa imefika kwenye michezo.

Bado nafanya kazi hii. Kwa sasa nina sehemu tatu: mkahawa mmoja Ngong Road, hoteli ndogo karibu na mjini, na ile baa ya Eastlands. Nimejifunza mambo ya kawaida ya kazi: kwamba akaunti ya simu ya mtu binafsi haitoshi kwa biashara na kibali cha muziki lazima kiwe ukutani, kwamba usiku wa mpira unazima kila kitu, kwamba saa ya chakula cha mchana watu hawataki kuimbiwa sana. Lakini kwenye sehemu mpya siku ya kwanza sichezi chochote changu. Naketi tu kuanzia kufunguliwa hadi kufungwa. Nauliza mhudumu nani anakaa wapi, na tangu lini, na yeye mwenyewe anaweza kufanya kazi ndani ya sauti gani. Meneja wa hoteli aliniuliza mbona nalipwa kwa siku ya kuketi.

Jumatano za Eastlands naweka flashi ya zamani, yote, kwa mpangilio wake ule ule. Wimbo wa "Mario" ukifika, mhudumu anapunguza kasi ya kufuta meza. Ile ya kona anaifuta ya mwisho.